Mikono Chini ya Kifua: Safari ya Sala kutoka Pwani hadi Mgeta

Muislamu wa Uluguru aliyefundishwa sala na wazee wake hufunga mikono chini ya kifua na juu ya kitovu, kiganja cha kulia juu ya mkono wa kushoto, mikono yote ikielekea kidogo upande wa moyo. Huinyanyua mpaka usawa wa mabega anapohirimia, anaporukuu, anapoitidali yaani kusimama wima baada ya rukuu, na anapoinuka kutoka tahiyatu ya kwanza. Akishuka kusujudu hutanguliza magoti, kisha viganja, kisha paji la uso pamoja na pua. Katika tahiyatu ya mwisho hukalia tako la kushoto na kuupitisha mguu wa kushoto chini ya muundi wa kulia. Kidole cha shahada hukinyanyua mara moja, penye kumpwekesha Mungu, wala hakitikisi. Alfajiri, baada ya rukuu ya pili, hunyanyua mikono akasoma dua ya kunuti. Ukiyakusanya yote haya utauona mwili mzima wa madhehebu ya Imamu Shafii. Mwili huo ulipanda kutoka pwani ukafika milimani bila jeshi wala amri ya mtawala, na kwa vizazi kadhaa watu waliishi nao bila kugombana. Siku hizi mahali mikono inapokaa hutosha kumtambulisha mtu ni wa msikiti gani. Hoja yangu ni kwamba mikono ilikuja na walimu, na walimu walikuja pia na elimu ya kupima kila jambo la sala kwa uzito wake. Mikono ingalipo. Kilichodhoofika ni vile vipimo.

Mgeta si mahali mtu angepafikiria kwanza kwa historia ya Uislamu. Ni nchi ya miteremko mikali upande wa magharibi wa Uluguru, nchi ya kabichi, karoti na njegere zinazoshuka Morogoro na kufika hadi Kariakoo, na Ukatoliki ndio uliotia mizizi mirefu huko. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 walifika Morogoro mwaka 1882, na kutoka hapo kazi yao ikapanda milimani. Kwa hiyo Muislamu wa Mgeta kwa kawaida ameishi akiwa mmoja kati ya wengi wasio wa dini yake, mara nyingi hata ndani ya ukoo mmoja, maana ukoo wa Kiluguru huhesabiwa kwa upande wa mama na haumuulizi mtu anasali wapi. Sababu hiyohiyo inaifanya Mgeta iwe shahidi mzuri. Mjini, mwenye kutofautiana na imamu wake huvuka barabara akaingia msikiti mwingine. Mlimani msikiti wa pili unaweza kuwa upande wa pili wa bonde.

Uislamu uliizunguka milima hii kabla ya kuipanda. Upande wa kusini, mto Mgeta ukishateremka unapita katika nchi tambarare ya Ukutu, na huko ndiko kulikokuwa Zungomero, kituo kikubwa cha misafara ambacho wasafiri Burton na Speke walikipitia mwaka 1857. Upande wa kaskazini kulikuwa na njia ya Bagamoyo iliyopita Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo mahali ilipo Morogoro ya leo. Msafiri Stanley aliuona mwaka 1871 akazisifu kuta zake. Katika njia zote mbili wapagazi, viongozi wa misafara na wafanyabiashara wa pwani walisimama kusali mbele ya macho ya watu wa huko. Baadaye reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakakusanya vibarua kutoka kila upande, na soko la mji likawavuta Waluguru washuke na mizigo yao. Aliyeshuka kuuza alipanda tena na habari, na wengine walipanda na dini.

Sasa tutazame bendera na mikono kwa pamoja, kwa kuwa hapo pana jambo la kushangaza. Bendera iliyoheshimiwa katika njia za misafara ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, na masultani wale, tangu Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja, walikuwa Maibadhi. Muibadhi huachia mikono pembeni muda wote wa kusimama, hainyanyui katika takbira, haitikii amina baada ya Alhamdu, na hana kunuti katika sala yake. Lau sala ingefuata mamlaka, Waislamu wa bara wangekuwa wakisali hivyo. Lakini raia wa pwani walikuwa Washafii karne nyingi kabla ya Waomani kutawala: Ibn Battuta aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta katika madhehebu hayo. Masultani wenyewe waliweka makadhi wa pande mbili, na Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mwanachuoni wa Kishafii, alikuwa kadhi chini ya Seyyid Said. Palipotokea ukali, ulihusu itikadi na siasa, kama Sultani Barghash alipomtia kifungoni Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui kwa kuikosoa itikadi ya Kiibadhi. Mikono ya raia katika sala haikuwa shauri la serikali. Hata tarika ya Kadiria, iliyoenezwa na Sheikh Uways wa Barawa na kupata kitovu kikubwa Bagamoyo chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, ilikuwa tarika ya watu waliosali Kishafii. Zikri yao ilikuwa na mwendo wake wa mwili, lakini sala ilipokimiwa walirudi kwenye utulivu wa fikihi.

Mtu anaweza kupinga kwamba mkao wa mwili hauachi maandishi, kwa hiyo haiwezekani kuuandikia historia. Nadhani pingamizi hili linasahau kwamba mikao hii haisafiri mmojammoja. Kufunga mikono peke yake hakuthibitishi chochote, kwa maana Mhanafi naye hufunga, ingawa chini ya kitovu, na Mhambali hufunga pia. Lakini mahali panapokutana mikono chini ya kifua, bismillahi ya sauti, amina ya sauti, kunuti ya alfajiri na kikao cha tako katika tahiyatu ya mwisho, mkusanyiko huo una mama mmoja. Kunuti ya alfajiri inaondoa Uhanafi, kwa kuwa Mhanafi kunuti yake i katika witri. Amina ya sauti inaondoa Uibadhi. Ongeza maulidi ya Barzanji, ambayo wazee wa Morogoro waliyasoma kama yalivyosomwa Bagamoyo na Unguja, na njia iliyopitiwa na walimu inaonekana wazi. Mwili wa mwenye kusali umehifadhi habari ambazo hakuna karani aliyeziandika.

Lakini walimu hao walifundisha nini hasa, zaidi ya kuonyesha? Elimu ya kwanza ilikuwa kuiga: mtoto alisimama nyuma ya mwalimu akafanya alivyofanya. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903 ameeleza maisha ya chuoni, na kila anayeyasoma ataona jinsi elimu ile ilivyopitia kwa mwalimu mwenyewe kuliko kwa karatasi. Hata hivyo nyuma ya kuiga kulikuwa na vitabu, na vitabu hivyo vinajulikana. Cha kwanza ni Safinatu Naja, kijitabu cha Mhadhrami Salim bin Sumayr aliyefariki Batavia katika miaka ya 1850, ambacho vyuo vya pwani vilikisomesha na vingali vinakisomesha. Kinachofuata ni matini ya Abu Shuja, kongwe kuliko Safina kwa karne nyingi. Juu ya hivyo viwili, kwa waliopanda daraja, ni Minhaji ya Imamu Nawawi. Huu ndio mzigo uliobebwa na mwalimu wa pwani hata alipokuwa na nakala chache au hana kabisa, kwa sababu matini fupi hukaa kichwani.

Fungua Safina utakuta nguzo za sala ni 17. Nia, takbira ya kuhirimia, kusimama kwa mwenye kuweza, Alhamdu, rukuu, itidali, sijda mbili, kikao baina yake, tahiyatu ya mwisho na kadhalika. Na katika hesabu hiyo utulivu wa viungo umehesabiwa peke yake mara nne: katika rukuu, katika itidali, katika sijda, na katika kikao baina ya sijda mbili. Mikono kifuani haimo. Katika sijda kitabu kinataja viungo saba vya kugusa ardhi, yaani paji la uso, matumbo ya viganja viwili, magoti mawili na vidole vya miguu miwili, na hilo ni la lazima. Mahali pa kunyanyua mikono pametajwa pia, lakini kama sunna. Abu Shuja anaendelea kuzigawa sunna zenyewe. Ziko zile zinazoitwa abaadhi, kama tahiyatu ya kwanza na kunuti ya alfajiri, ambazo mwenye kuziacha husujudu sijda ya kusahau. Na ziko haiya, ambazo amezihesabu 15, na humo ndimo alimoweka kunyanyua mikono, kuweka wa kulia juu ya wa kushoto, na namna za kukaa. Aliyeacha haiya harudi nyuma kuifanya, wala hasujudu kwa ajili yake. Sala yake ni timamu. Amekosa fadhila tu. Wanavyuoni wa Kishafii wamemnukuu Imamu wao akieleza kwamba makusudio ya kufunga mikono ni kuituliza, na kwamba mwenye kuiachia bila kuichezesha hana ubaya.

Kwa hiyo mwalimu aliyefunzwa vizuri alijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba mikono chini ya kifua ndiyo sunna anayoifuata na kuifundisha kwa bidii, na kwamba anayesali ubavuni mwake akiwa ameiachia hajaiharibu sala. Ukali wake aliuweka kwingine. Mtu anayedonoa sijda kama kuku ndiye aliyerudishwa kusali upya, kwa sababu utulivu ni nguzo. Na hapo alikuwa na hadithi iliyo maarufu kuliko zote katika mlango huu, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyesali haraka mbele ya Mtume akaamrishwa arudi kusali tena na tena, mpaka alipoomba afundishwe. Alifundishwa kutulia katika kila hatua. Mikono iwekwe wapi hakuambiwa.

Hadithi za mikono zipo nazo, na ni kosa kumdhania Mshafii kwamba hafungamanishi sala yake na hadithi. Katika Bukhari imo ya Sahl bin Saad kwamba watu waliamrishwa waweke mkono wa kulia juu ya dhiraa ya kushoto. Katika Muslim imo ya Wail bin Hujr, Myemeni aliyekuja Madina akaitazama sala ya Mtume kwa makini ya mgeni. Wail huyu ana riwaya nyingine, katika Abu Daud, ambayo ingemfurahisha mtu wa Mgeta anayejua baridi ya mwezi wa saba: alirudi Madina wakati wa baridi kali, akawakuta masahaba wamejifunika nguo nzito, na mikono yao ikinyanyuka chini ya nguo hizo. Hawakuitoa nje ili ionekane. Nyongeza inayosema mikono iliwekwa juu ya kifua imo katika riwaya ya Ibn Khuzayma, na wataalamu wa hadithi wamebishana juu ya nguvu yake. Mshafii aliifahamu kuwa ni karibu na kifua, yaani chini yake. Wengine wakaichukua kwa dhahiri yake. Imamu Malik, katika riwaya ya Ibn al-Qasim, hakupenda kufunga mikono katika sala ya faradhi, ilhali yeye mwenyewe katika Muwatta ameipokea hadithi ya kufunga. Tofauti hii haikuzuliwa na wajinga.

Wala tofauti hiyo haikuwa mbali na macho ya watu wa Morogoro. Askari wa Kisudani walioletwa na kamanda wa Kijerumani Wissmann mwaka 1889, ambao ndio waliokuwa kiini cha jeshi la Wajerumani, walitoka katika nchi ya madhehebu ya Maliki. Wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata reli walikuwamo Masuni wa Kihanafi, wenye kufunga chini ya kitovu, na Makhoja Ithnaashari, wenye kuachia mikono na kusujudu juu ya kipande cha udongo. Waarabu kutoka Oman walifungua maduka katika miji midogo mingi ya Tanganyika, na wengi wao walikuwa Maibadhi. Mkulima aliyeshuka kutoka mlimani aliweza kuona, katika siku moja ya soko, mikono ikikaa mahali mbalimbali. Hakuhitaji kuhitimisha kwamba baadhi yao si Waislamu. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kumpa chombo cha kuipima tofauti hiyo.

Mabadiliko yalikuja kwa mkondo mwingine. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilifunguliwa mwaka 1961, na vijana wa Afrika Mashariki wakaanza kupata nafasi huko na kwingineko Uarabuni. Sheikh Nasiruddin al-Albani aliandika kitabu chake kuhusu sifa ya sala ya Mtume, kikasambaa ulimwenguni, na yaliyomo yakafika kwetu kwa Kiswahili kupitia vitabu vidogo, kanda za kaseti na mihadhara. Kufikia miaka ya 1980 vijana wa Answar Suna, harakati iliyoyafuata mafunzo hayo, walikuwa wakisali mikono ikiwa juu ya kifua, wakishuka sijdani kwa kutanguliza mikono, wakitikisa kidole katika tahiyatu, bila kunuti. Nguvu ya wito wao ilikuwa ya kweli, nami siipuuzi: walimtaka Muislamu ajue dalili ya anachokifanya, wakawachoka walimu waliojibu kila swali kwa kusema ndivyo tulivyowakuta wazee. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyechapisha tafsiri yake ya Kurani mwaka 1969, alikwisha kuonyesha kwamba Mshafii wa hapahapa anaweza kuwaita watu kwenye dalili kwa Kiswahili fasaha. Tatizo la mafunzo mapya ni kwamba yalipanga sala kwa mfuatano, kutoka takbira hadi salamu, kila kitendo na dalili yake, na kwa msikilizaji wa kawaida kila kitendo kikawa na uzito uleule. Nguzo na haiya zikasimama safu moja.

Pingamizi kubwa zaidi ni hili: kama hadithi sahihi ipo, daraja za mafakihi zina kazi gani? Si turudi kwenye hadithi, tofauti iishe? Jibu lipo katika historia ya hao wenyewe waliorudi. Sheikh Ibn Baz wa Saudia na Sheikh Albani walikuwa wanavyuoni wa wakati mmoja, wote wawili walifariki mwaka 1999, wote wawili wakifuata hadithi bila kujifunga na madhehebu. Ibn Baz aliona kwamba mwenye kusali akishainuka kutoka rukuu airudishe mikono kifuani, na kwamba hiyo ni sunna. Albani akaona kuirudisha hapo ni uzushi. Walitazama hadithi zilezile. Ikiwa wakuu wawili wa hadithi wametofautiana katika mahali pa mikono kwa muda wa sekunde chache za itidali, basi kurudi kwenye hadithi hakumalizi tofauti. Hatimaye kila upande utahitaji kanuni ya kuamua tofauti gani inavumilika, na kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya matini fupi za chuoni.

Pingamizi jingine linauma zaidi: kwamba utulivu wa zamani ulikuwa wa watu wasiojua, na asiyejua hana la kubishania. Lina sehemu ya ukweli. Wengi wa waliosilimu milimani hawakusoma Safina, na wapo waliodhani kunuti ni faradhi. Lakini ujinga peke yake hauzai uvumilivu. Mara nyingi huzaa kinyume chake, maana asiyejua hushika kila alichokizoea kana kwamba ni dini nzima. Kilichowazuia watu wasifikie hapo ni kuwa na mwalimu mmoja miongoni mwao anayeulizwa, naye akajibu kwa daraja: hili lina sijda ya kusahau, hili halina. Jamii ndogo kama za Mgeta zilimtegemea mtu huyo kuliko mji unavyomtegemea, kwa kuwa kuvunjika kwa safu moja huko ni kuvunjika kwa jamaa nzima, na Ijumaa ya madhehebu ya Shafii inadai watu 40.

Sheria ya kumfuata imamu nayo inasema waziwazi. Maamuma anatakiwa amfuate imamu katika vitendo: asitangulie kurukuu, asitangulie kuinuka, asibaki nyuma kwa nguzo mbili bila udhuru. Imamu akiacha kunuti, maamuma wa Kishafii anayeweza kuisoma kwa ufupi na kumwahi katika sijda anaruhusiwa. Mahali pa mikono hapaingii kabisa katika masharti ya kumfuata. Kijana aliyerudi kutoka masomoni na mikono yake juu ya kifua, babu aliyeifunga chini yake, na mwenye duka wa Kiomani aliyeiachia, wakisimama nyuma ya imamu mmoja katika msikiti wa Mgeta, wanachodaiwa na fikihi ni kurukuu baada yake na kutulia humo, na kusujudu baada yake na kutulia humo.